Makopo Mawili, Makopo Manne

Nilikaa Jeddah miaka saba na sikuwahi kuchukua hata kipande cha sabuni ya kunawia kisicho changu. Nalitaja hili mapema kwa sababu kosa nitakalolieleza nililifanya kwa uaminifu mkubwa, kwa mkono wa kulia, na kila mara baada ya kusema bismillahi.

Nilikuwa msimamizi wa zamu ya mchana katika dobi moja kubwa, jengo zima la mashine, nyuma ya mtaa wa Al-Safa. Tulifua taulo na shuka za hoteli. Nilifika huko miaka ile mawakala walipokuwa wakizunguka pwani na bara wakiandikisha watu wa kwenda Saudia. Mimi, mwalimu wa madrasa niliyekwisha kupita miaka hamsini, niliandikishwa kwa kuwa najua Kiarabu. Kiarabu chenyewe kilikuwa cha vitabuni. Siku ya kwanza nilimwomba mlinzi wa mlangoni anielekeze, kwa maneno fasaha kabisa, akaniangalia kama mtu aliyefufuka. Baadaye nilijifunza kusema yalla, yaani haya twende, na halas, yaani basi, kama wenzangu, na mambo yakaenda. Alhamdulillahi, kazi ilikuwa ya halali na chumba cha kulala kilikuwa na kiyoyozi.

Mfuaji wa mashine kubwa alikuwa Mkenya mwenzangu kutoka upande wa Kitale, Mkristo, mtu wa miaka arobaini hivi, mkimya, mwenye mikono mipana. Mkewe alikuwa akifanya kazi za nyumbani kwa madam mmoja hapo hapo Al-Safa. Waliandikishwa na mawakala wawili tofauti, mmoja baada ya mwingine, na kwa kudra ya Mungu wakaangukia mji mmoja. Ijumaa alasiri madam alimruhusu mke kutoka kwa muda wa saa tatu, nao walikutana Balad, wakatembea kati ya zile nyumba za zamani za mawe ya matumbawe wakila bisi kama vijana. Mume alibeba nakala ya cheti cha ndoa mfukoni, ndani ya karatasi ya nailoni, kwa ajili ya yeyote atakayeuliza. Mimi aliniita Maalim. Kwa miaka mitatu nilimwombea aongoke, naye alijua na hakukasirika. Aliniambia yeye pia ananiombea, tuone nani atachoka kwanza.

Mwaka wangu wa nne taulo zikaanza kutoka za kijivu. Hazikuwa chafu, maana harufu yake ilikuwa nzuri, lakini ukiiweka moja karibu na taulo mpya, unaona haya. Hoteli moja ikarudisha mzigo mzima. Ofisi yetu kuu ilikuwa Riyadh, mtaa wa Olaya, juu ghorofani ambako hakuna taulo, na kutoka huko ikaja habari kwamba mfuaji ni mvivu. Hakuna aliyeuliza uvivu wa mfuaji unaonekanaje, kwa kuwa mashine ndiyo inayozungusha. Hata hivyo kafili, yaani mwajiri aliyetudhamini, alikuwa mtu wa kupenda haki, au alipenda kuonekana hivyo, akasema kabla ya kumrudisha mtu kwao lazima jambo lichunguzwe kitaalamu. Wakamtuma mhandisi.

Alikuwa Msudani, kijana wa heshima, mwenye miwani na mkoba wa ngozi uliopauka. Mimi akaniita ammi, yaani baba mdogo, na tukaelewana siku ile ile kwa sababu alikuwa mtu wa kwanza Jeddah kukisifu Kiarabu changu. Alinieleza kwamba weupe wa taulo unaweza kuharibiwa na mambo mengi, na ukiyapima moja moja utazeeka. Yeye atayabadilisha mambo sita kwa pamoja, katika mafuo manane tu, kwa mpango maalumu ulioandikwa: joto la maji, kiasi cha sabuni, muda wa kufua, uzito wa mzigo, idadi ya kusuuza, na mfuaji. Kila jambo litakuwa na viwango viwili, cha chini na cha juu. Nilimuuliza mtu naye ana chini na juu? Akaona haya kidogo, akasema kwa mtu kuna huyu na yule. Huyu alikuwa rafiki yangu wa Kitale. Yule alikuwa Mbangladeshi wa mashine ya pili, Muislamu mwenzangu, ambaye kwa muda wa jaribio angepewa nusu ya mafuo kwenye mashine kubwa.

Nilidhani kuchagua hivyo viwango ni kazi ya dakika tano. Mhandisi akasema hapo ndipo majaribio mengi yanapofia.

"Ammi, nikikuletea vikombe viwili vya chai, kimoja kina vijiko vitatu vya sukari, kingine vitatu na robo, nikakuuliza kama sukari inabadilisha chai, utasemaje?"

Nikamwambia nitasema haibadilishi.

"Na kingine nikikitia vijiko thelathini?"

Nikasema hiyo si chai tena, ni dawa ya kutapisha.

Akacheka. Akasema viwango vikikaribiana mno, jambo lenye nguvu litaonekana kama halina nguvu, kwa sababu hata taulo ile ile ukiifua mara mbili kwa namna moja haitoki sawasawa. Vikiachana mno, unapima kitu ambacho hakuna mtu atakayekifanya maishani, au unavunja mashine. Inatakiwa viachane kwa ujasiri, lakini vibaki ndani ya kazi ya kweli. Nilimsikiliza kwa makini na nikakubali kila neno. Hilo ndilo linalonishangaza hadi leo, kwamba nilikubali kila neno.

Alipeleka viwango vyake Olaya vipitishwe. Uzito wa mzigo, kilo sabini na kilo mia. Joto, hamsini na sabini na tano. Kusuuza, mara mbili na mara nne. Makaratasi yakarudi yamekatwakatwa kwa kalamu nyekundu. Kilo sabini ni mashine kwenda nusu tupu, basi ikawa tisini na tano na mia. Maji ya hamsini yataleta malalamiko na ya sabini na tano yanakula umeme, basi sitini na sitini na tano. Kusuuza ikawa mara tatu, au mara tatu na dakika moja, na muda wa kufua nao ukabanwa vivyo hivyo. Sabuni peke yake ilipita bila kuguswa, makopo mawili na makopo manne, nadhani kwa sababu hakuna mtu Olaya aliyejua kopo letu lina ukubwa gani. Mhandisi alizitazama zile karatasi kama mtu aliyeagiza ng'ombe akaletewa kwato. Lakini alikuwa na ikama yake, kibali chake cha kuishi, ya kufikiria, akasema yalla, tufanye kwa tulichopewa.

Kwa hiyo katika mambo yale sita, mawili tu yalibaki na viwango vinavyoachana kweli, sabuni na mtu. Mtu hapunguziki. Sabuni niliishughulikia mimi.

Kopo lilikuwa mkononi mwangu kwa sababu mimi ndiye msimamizi. Fuo la kwanza karatasi ikasema makopo mawili. Nikasimama mbele ya mashine yenye kilo mia za taulo zilizolowa jasho la watu, nikaona mawili ni udanganyifu. Hoteli imelipia taulo safi. Nimefundisha watoto miaka ishirini juu ya kutopunja katika vipimo, na sasa nipunje kwa amri ya karatasi? Nikaongeza kopo moja, karibu lijae. Fuo la pili likasema makopo manne. Hapo nikaona israfu. Sisi tumefundishwa tusifuje maji hata tukitawadha penye mto, sembuse sabuni ya mwajiri. Nikatia matatu na kidogo. Nikajisikia vizuri. Kila karatasi iliposhuka nilipanda, kila ilipopanda nilishuka, na sikumwambia mtu, kwa kuwa wema hautangazwi.

Ila kulikuwa na swala. Ikiadhiniwa, mimi, mhandisi na Mbangladeshi tulikwenda msikiti wa nyuma ya jengo. Ikiwa zamu ni ya Mbangladeshi, mashine ilisimama ikatungoja, na tukirudi mimi ndiye niliyetia sabuni. Ikiwa zamu ni ya rafiki yangu, yeye alibaki, kama alivyobaki kila siku kwa miaka mitatu, akaendelea na kazi ili taulo zisilale mbichi. Mara mbili ikatokea hivyo, moja adhuhuri na moja alasiri, na mara zote mbili karatasi ilisema makopo mawili. Naye, kwa kuwa ni mtu wa kufuata alichoandikiwa, alitia makopo mawili.

Mhandisi alipima weupe kwa kile kifaa chake kidogo kinachobanwa juu ya kitambaa. Baada ya siku nne tukawa na namba nane. Sita zilikuwa zimekumbatiana mahali pamoja. Mbili zilikuwa chini kabisa, na zote mbili zilikuwa za rafiki yangu. Mhandisi alipiga hesabu yake mara mbili. Joto, mafi, yaani hamna kitu. Muda, mafi. Uzito, mafi. Kusuuza, mafi. Sabuni ilionekana kuwa na athari, na mtu naye alionekana kuwa na athari, sawasawa kabisa, kwa kuwa zile namba mbili ziliangukia penye makopo mawili na penye mtu yule yule. Aliandika kwa uangalifu kwamba matokeo hayatoshi kutenganisha, na kwamba viwango vilikaribiana mno. Olaya wakasoma mpaka neno mtu, wakaacha hapo. Kubadilisha sabuni kunahitaji kuzungumza na muuza sabuni. Kubadilisha mfuaji kunahitaji muhuri mmoja.

Barua ilikuja Alhamisi. Rafiki yangu atapewa hati ya kuondoka moja kwa moja, asirudi tena, mwisho wa mwezi. Mkewe alikuwa na mkataba wa miezi kumi na tisa zaidi kwa madam wake.

Nilisoma barua ile kwa niaba yake kwa sababu ilikuwa kwa Kiarabu. Kisha nikaomba kuona zile namba nane, kwa udadisi tu, na nikaziona zile mbili za chini, na pembeni yake saa taulo zilipofuliwa. Nilikuwa nimezitumia saa zile mbili nikiwa safu ya mbele, karibu na imamu.

Sikula vizuri siku hiyo. Mwenyezi Mungu husamehe haki zake akipenda, lakini haki ya mja ni lazima uende kwa mja mwenyewe. Nilimkuta kwenye ngazi za nje, amevua viatu, anapunga hewa. Nikamweleza yote, tangu kopo la kwanza. Alinisikiliza kama anayesikiliza habari za mtu mwingine.

"Kwa hivyo zile siku mbili niliweka mawili vile karatasi ilisema."

"Uliweka mawili."

"Na huyu Mbangla akiandikiwa mawili, wewe ulikuwa unaongeza."

"Nilikuwa naongeza."

Akavaa kiatu kimoja, akakivua tena. "Maalim, ulienda kuswali ukaniachia dhambi zako kwa mashine."

Nilimwomba radhi. Akatazama upande wa Al-Safa, ingawa pale hauoni kitu ila matangi ya maji juu ya mapaa.

"Kusamehe nitakusamehe," akasema. "Lakini kwanza nenda uwaambie. Nataka kukusamehe nikiwa bado hapa."

Mhandisi alikuwa akifunga mkoba wake kurudi Riyadh. Nilitarajia anikemee. Alivua miwani, akaipangusa kwa kanzu, akaniuliza maswali kama daktari: kila mara uliongeza kiasi gani, ulipunguza kiasi gani, mara zipi hukuwepo. Akaandika. Mwisho akasema, "Ammi, niliorodhesha mambo sita. Wewe ulikuwa la saba, na sikukuandika." Akanitaka nifuatane naye Olaya nikayaseme haya kwa mdomo wangu, maana yeye hawatamwamini.

Ofisi ya Olaya ilikuwa na zulia nene kiasi kwamba husikii unavyofika. Mkurugenzi alikuwa mtu mwenye adabu. Alininywesha kahawa, akaniita ya hajj, akanisikiliza nikieleza, kwa Kiarabu changu fasaha, jinsi nilivyoharibu uchunguzi wake kwa uchamungu. Nadhani hakupata kusikia ungamo zuri namna ile katika mwaka mzima. Alipomaliza kutabasamu, akasema sawa, basi barua ingoje, na jaribio lirudiwe kwa viwango vile vile, safari hii mzee asiguse sabuni.

Mhandisi akasema kwa viwango vile vile hapana. Akaeleza kwamba tatizo halikuwa mzee peke yake, kwamba ofisi hii nayo iliyasogeza yote katikati, kwa kalamu nyekundu badala ya kopo. Akataka sabini na mia. Akataka hamsini na sabini na tano.

"Na taulo zikiharibika?" mkurugenzi akauliza.

"Nataka baadhi yake ziharibike. Ikiwa zote zitatoka nzuri, nitakuwa sijajua kitu."

"Unaniomba nitie saini kwenye taulo mbovu."

Nikaona hapa ndipo mimi nilipo na la kusema, kwa kuwa jambo hili halihitaji elimu. Nikasema kwenye stoo ya Jeddah kuna taulo zilizochakaa ambazo mwezi ujao zinakatwa kuwa matambara. Tuzichanganye na uchafu wa kila siku tuzifue hizo, na kuharibika kwake hakutamhuzunisha mtu. Mkurugenzi akalipenda hilo. Akachangamka, akataka maji yafike tisini, madhali taulo si kitu. Nikamwambia tukipita themanini ule mpira wa mlango hulegea, na maji ya moto yatammwagikia mfuaji miguuni. Juu isipite sabini na tano. Mhandisi akaniangalia. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliona kwamba ile tabia yangu ya kuvuta mambo katikati haikuwa ujinga mtupu.

Saini ikatiwa.

Jaribio la pili lilikuwa na karatasi ndefu zaidi. Chini ya yale mambo sita, mhandisi aliongeza orodha ya vitu visivyobadilika, alivyoviita constant: maji kutoka tangi moja, sabuni kutoka gunia moja, kila fuo kuanza baada ya watu kutoka swalani. Na mstari wa mwisho: msimamizi akae kwenye kiti. Kililetwa kiti cha plastiki, nikakaa, tasbihi mkononi, hatua tano kutoka kwenye kopo.

Nimefunga Ramadhani nyingi, na sijui kama kuna saumu iliyonielemea kama siku zile nne. Nilitazama makopo mawili yakienda kwenye kilo mia, na taulo zikitoka rangi ya jivu, na nikanyamaza. Nilitazama makopo manne yakimiminwa kwenye kilo sabini, povu likafurika mpaka sakafuni, maji safi yakasuuza mara nne na kumwagika, nikasema astaghfirullah kimoyomoyo, na nikanyamaza. Rafiki yangu akipita na toroli aliinamisha kichwa kwangu kwa heshima. "Maalim, kaa vizuri," alisema. "Leo uko constant." Mbangladeshi hakuelewa, ila alicheka.

Safari hii namba nane zilitawanyika kila moja na njia yake. Hesabu haikuhitaji kurudiwa. Uzito wa mzigo ulikuwa mbele ya yote. Mashine ikijazwa kilo mia, taulo hazina nafasi ya kugeuka, na uchafu uliotoka unarudi kukaa. Baada yake kusuuza, kisha sabuni. Joto kidogo. Muda, mafi. Mtu, mafi: tofauti kati ya huyu na yule ilikuwa ndogo kuliko tofauti ya taulo moja iliyofuliwa mara mbili. Mhandisi akatafuta kwenye jalada ni lini mashine zilianza kujazwa mpaka kilo mia. Ilikuwa ni kwa waraka kutoka Olaya, wiki chache kabla ya taulo kugeuka kijivu. Aliuambatanisha mwisho wa ripoti, bila maelezo, kwa adabu.

Waraka mpya ukaja. Ulisema kwamba kwa busara ya uongozi na ufuatiliaji wake wa karibu, mashine zisijazwe zaidi ya kilo themanini. Barua ya kumwondoa mtu haikutajwa tena, wala haikufutwa. Ilikaa tu mahali barua zinapokaa. Lakini ikama ya rafiki yangu ilipokwisha muda, mpya ilitoka.

Siku matokeo yalipofika nilimtafuta nimwambie kwanza mimi, kabla hajayasikia kwa mwingine. Alikuwa kwenye mizani akipakia. Nikamsomea mistari yote sita, nikitafsiri mmoja mmoja, na wa mtu nikauacha mwisho.

"Hebu rudia hapo," akasema.

Nikarudia. Kwamba kwa mtu haikuonekana athari yoyote.

"Yaani mimi, kwa hii kazi, si kitu?"

"Kwa weupe wa taulo, wewe si kitu kabisa."

Akakaa juu ya rundo la taulo chafu, akafunika uso kwa ile mikono mipana, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Sijapata kuona mtu aliyefurahi namna ile kuambiwa si kitu. Aliponyanyuka alinipa mkono, akasema halas, Maalim, nimekusamehe. Kisha akarudi kwenye mizani, akaona imefika themanini na mbili, akatoa taulo mbili, akapima tena.